Mama Anasema Asante

Chetezo cha tatu kilivunjika siku ya Alhamisi, baada ya alasiri, wanawake saba wa mtaa wa Galbet wakiwa wameshavua viatu mlangoni kwa Rahmo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, mwaka mmoja kabla ya ile mvua iliyokata barabara na kuufanya mji mzima kisiwa, na Alhamisi za Rahmo zilijulikana kutoka sokoni hadi mtoni. Alikuwa mpishi wa uunsi, ubani unaopikwa kwa sukari, manukato na unga wa miti ya harufu, na siku hizo wanawake hawakununua uunsi kwa kuutazama. Walikaa mkekani, wakanywa chai ya maziwa ya ngamia, wakangoja kipande kiwekwe kwenye kaa la moto, kisha wakafunua shali zao ili moshi uingie mpaka kwenye nywele. Aliyetoka kwa Rahmo alinukia njia nzima. Hata mbuzi walimgeukia.

Kazi ya kuamsha makaa ilikuwa ya Filsan, binti yake wa miaka tisa. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Aliitwaa mwenyewe akiwa na miaka mitano na hakukubali kunyang'anywa. Alichuchumaa nyuma ya nyumba, akapanga makaa kwenye chetezo cha udongo, akavimbisha mashavu, akapuliza na kupuliza mpaka makaa yakawa mekundu kama pilipili iliyoiva. Kisha aliingia nacho ndani kwa hatua za bibi harusi, wanawake wakimsifu.

Alhamisi ile alifika hatua ya nne. Mkono wake wa kulia ukalegea kama kamba iliyofunguliwa. Chetezo kikaanguka, kikapasuka, makaa yakaruka hadi kwenye mkeka.

"Filsan! Una mikono au una matambara?" Rahmo alifoka, akikanyaga makaa kwa kandambili.

"Muozeshe mapema," akasema Saado, jirani yao, akivuta shali yake mbali na moto. "Akavunje vyombo vya mumewe, vyako vipumzike."

Wanawake wakacheka. Filsan naye alijaribu kucheka, na hapo ndipo Rahmo alipoacha kufoka. Mdomo wa mtoto ulicheka upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umelala, na mate membamba yalikuwa yakishuka kidevuni.

Ayeeyo Arbia, bibi yake Filsan na mama mkwe wa Rahmo, alikuwa pembeni na tasbihi yake. Hakuinua macho. "Moshi una wenyewe," alisema. "Kila Alhamisi unawaita, unawawasha pua, halafu unadhani watanyamaza?"

Chai haijapoa, mkono ukarudi. Filsan akaukunja, akaukunjua, akaenda kuokota vigae. Wanawake walinunua haraka haraka siku hiyo, na hakuna aliyefunua shali.

Abdinur, mume wa Rahmo, alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Jumatano. Kiswahili chake alikitoa Mombasa, alikokuwa utingo wa lori kwa miaka sita, na alikivaa kama watu wengine wanavyovaa saa ya mkononi. Wanunuzi wa bara walimtafuta yeye kwanza. Maafisa walimwita "mzee wetu" ingawa hakuwa na mvi hata moja. Kitu alichokiogopa kuliko ukame ni kuonekana mtu wa porini mbele ya mtu wa bara.

Ndiyo maana, walipompeleka Filsan kwenye kliniki ya mabati ya kijani, ni yeye aliyekaa kwenye kiti. Rahmo alisimama nyuma yake, mtoto akimshika shali.

Mutiso, tabibu aliyetoka Ukambani, alikuwa katika mwaka wake wa pili mjini. Alikuwa na wagonjwa sitini nje na kalamu moja iliyokuwa ikikataa kuandika. Aliipumulia, akaikwaruza kwenye kadi.

"Mtoto anasumbuliwa na nini?"

"Mkono unakosa nguvu, daktari. Vitu vinamponyoka. Dakika chache tu, kisha anarudi sawa."

"Anapoteza fahamu? Anatoa povu?"

Rahmo akamvuta mumewe bega, akasema kwa Kisomali, "Mwambie ni akipuliza. Mara tatu zote alikuwa anapuliza makaa. Juzi alikuwa anapuliza chai ya moto, kikombe kikamponyoka. Mwambie."

"Nitamwambia."

"Mwambie sasa. Na mdomo, mwambie mdomo ulienda kando." Alizidi kueleza, na kwa kuwa mume hakugeuka, alieleza kwa mwili: akavimbisha mashavu, akapuliza hewani, akauacha mkono wake uanguke kando ya paja kama kitu kilichokufa.

Kwa mara ya kwanza Mutiso aliinua macho kutoka kwenye kadi. "Mama anasemaje?"

Abdinur akakohoa. Aliyageuza maneno yale kwa Kiswahili kichwani mwake na akayasikia yalivyo: mke wangu anasema mtoto akipuliza moto, mkono unakufa. Aliyaona yakiandikwa. Aliyaona yakisomwa kwenye chumba cha chai, na watu wa bara wakipigana mabega kwa kicheko.

"Anasema asante," akajibu.

Mutiso akainamisha kichwa kwa heshima kumwelekea Rahmo, akaandika *kifafa*, akahesabu vidonge vyeupe kwenye karatasi.

Kiswahili cha Rahmo kilikuwa cha bei gani na ongeza kidogo, lakini neno asante alilijua. Walipofika nje alisimama juani. "Abdinur. Mimi nimesema maneno mengi kuliko hilo."

"Kiswahili ni lugha fupi," Abdinur alisema, akaanza kutembea.

Vidonge vilimgeuza Filsan mtoto wa usingizi. Alilala kwenye sahani ya anjera, alilala akisukwa nywele. Maalim Rage wa chuo cha Kurani alituma ujumbe: mtoto mliyenipa alikuwa anahifadhi, huyu mnayeniletea sasa analalia ubao. Mkono, hata hivyo, haukusikia dawa. Uliendelea kufa na kufufuka kama ulivyotaka.

Siku moja wasichana wawili walimleta nyumbani kutoka chuoni, wamemshika huku na huku, mguu wake wa kulia ukiburuta mchanga. Maalim alikuwa amemfinya sikio ili aamke.

"Ulikuwa unapuliza nini?" Rahmo aliuliza, akimkalisha kivulini.

"Sikupuliza kitu, hooyo. Nilikuwa nalia."

"Ulilia sana?"

"Nililia kwa kwikwi. Nikajaribu kunyamaza, nikashindwa. Halafu mguu ukasahau."

Rahmo alikaa na maneno hayo mpaka jua likageuka. Alikuwa mwanamke aliyeishi na moto. Alijua kaa lipi linataka hewa kidogo na lipi linataka nyingi, sukari ipi inaungua na ipi inachelewa. Kupika uunsi ni kutazama. Ukitazama kando kwa muda wa kupiga chafya, sufuria nzima inakuwa chungu. Basi akautazama ugonjwa wa mwanawe kama sufuria. Makaa, chai, kilio. Moshi ulikuwapo kwenye makaa tu. Kilichokuwapo mara zote kilikuwa pumzi.

Alhamisi iliyofuata alimpa Filsan upepeo wa majani ya mkoma, ule wanaoufuma wanawake wa ng'ambo ya mto.

"Makaa utayaamsha kwa huu. Ukipuliza hata mara moja, nakuvunja mashavu."

Filsan akapepea. Makaa yakawa mekundu yaleyale. Moshi ukapanda uleule, ukajaa chumba, ukawaingia wanawake kwenye shali zao. Filsan akaingia na chetezo kwa hatua za bibi harusi, nne, tano, sita, akakiweka katikati ya mkeka. Mikono yote miwili ilikuwa hai.

Rahmo akamgeukia mama mkwe wake. "Ayeeyo, moshi si huu? Wenyewe wako wapi leo?"

"Leo wamesafiri," Ayeeyo Arbia alijibu bila kusita, na chumba kizima kikaangua kicheko, hata Rahmo mwenyewe. Kilikuwa kicheko cha mwisho katika nyumba ile kwa muda mrefu.

Kwani siku tisa baadaye Filsan alishindana mbio na binti wa Saado, akashindwa, akatukanwa kilema, akalia. Safari hii chai ilipoa, jua likazama, likachomoza, na mkono haukurudi. Uliporudi siku ya pili, ulirudi nusu. Vidole vilifunga lakini havikubana. Kalamu ya kijiti ya chuoni iliteleza ndani yake kama samaki.

Ayeeyo Arbia hakungoja. Alikwenda kwenye duka lenye redio ya upepo, ile ambayo watu walipigia kelele kuwaita jamaa zao walioko mbali, akamwita ndugu yake Alio kule Diff. Alio alikuwa mchomaji. Alichoma kwa chuma chekundu, alama tatu, kichwani au mgongoni, na ngamia na watu aliowaponya hawakuwa na idadi. Redio ilikoroma, kisha sauti ya Alio ikasema atakuja na lori la mifugo, Jumatano.

"Atamchoma kichwani?" Rahmo aliuliza.

"Mara tatu tu. Atalia kidogo, atapona."

Rahmo alimtazama mumewe, aliyekuwa akifunga kikoi chake upya ingawa hakikuwa kimelegea. "Atalia, Abdinur. Umesikia? Kilio cha kushindwa mbio kimechukua nusu ya mkono. Kilio cha chuma kitachukua nini?"

"Nifanye nini? Vidonge vya daktari umeviona."

"Daktari alitibu ulichomwambia. Ulimwambia nini?"

Abdinur akafungua kikoi, akakifunga tena.

"Ulimwambia asante. Nilisimama pale mgongoni mwako kama mzigo wa kuni, nikasema yote, na wewe ukayameza. Kwa nini?"

"Kwa sababu hukuona macho yao!" Sauti ya Abdinur ilipanda, kisha ikashuka kwa kuwa mtoto alikuwa karibu. "Wewe hukai nao sokoni. Tukisema mvua, wanasema ushirikina. Tukisema kichwa, wanasema jini. Ningesema mtoto akipuliza moto mkono unakufa, angefunga kadi. Nilitaka amtibu kama mtoto wa mtu."

"Ni mtoto wa mtu," Rahmo alisema. "Ni wangu."

Saado ndiye aliyeleta habari: pale kliniki ya mabati palikuwa pamebandikwa karatasi kwamba Jumanne atakuja daktari wa ubongo kutoka Nairobi, kwa siku moja. Abdinur akaamua kama anavyoamua dalali, akigawa tofauti katikati. Jumanne watakwenda kwa daktari. Akisema ni kifafa kilekile, Jumatano Alio atawasha chuma.

Jumanne foleni ilizunguka jengo mara mbili. Kulikuwa na watu waliotoka Dadaab usiku, na mzee mmoja aliyeletwa kwa mkokoteni wa punda. Rahmo alikuwa na chetezo kipya chini ya shali yake, na ndani yake makaa yaliyofunikwa majivu, yanayopumua polepole. Alikuwa ameamua. Ikiwa maneno yake hayavuki, moto utavuka. Filsan atapuliza mbele ya daktari, mkono utakufa mbele ya daktari, na hakuna mtu atakayetafsiri hilo kuwa asante.

Hakuwa amelala kwa uamuzi huo. Huenda mkono ungekufa usirudi. Lakini ndani ya lori la Jumatano kulikuwa na chuma.

Askari wa lango alinusa. "Mama, una nini humo? Moto? Unataka kuchoma hospitali?"

"Ni... ni kitu cha harufu," Abdinur alisema, uso ukimwiva.

"Mwaga hapo. Haya, mwaga! Nyinyi watu, kila siku vituko."

Rahmo alimwaga makaa mchangani, foleni nzima ikitazama. Mtu mmoja alicheka. Abdinur alikitazama kiatu chake. Filsan ndiye aliyeinama, akaokota chetezo kwa mkono wa kushoto, akakipangusa majivu kwa gauni lake.

Dakta Wahu alikuwa mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani, na alikuwa hajala. Mutiso alikaa pembeni yake na rundo la kadi. "Filsan Abdinur," alisoma. "Kifafa. Anatumia dawa, hajapata nafuu."

"Baba, ni vilevile tu?" Dakta Wahu aliuliza. "Mkono unalegea, kisha unapona?"

"Ndiyo, daktari," Abdinur alianza. "Vilevile, isipokuwa sasa..."

"Hapana," akasema Rahmo. Kwa Kiswahili.

Wote wakageuka. Alikuwa ameshavuta kiti, amekaa. Alitoa chupa ya chai kutoka kwenye kikapu, akamimina kikombe, mvuke ukapanda.

"Daktari. Mimi Kiswahili kidogo. Lakini huyu mtoto mimi nazaa. Yeye kifafa hapana. Yeye nabuliza moto, mkono nakufa. Yeye nabuliza chai, mkono nakufa. Yeye nalia sana, mkono nakufa, mguu nakufa, mdomo naenda huku." Alivuta mdomo wake kwa kidole. Kisha akatoa upepeo kikapuni, akapepea hewani. "Hii ubebeo, moto ileile, moshi ileile, mkono hapana kufa. Wewe hapana amini. Mimi najua. Sasa wewe taona na macho yako."

Akasukuma kikombe mbele ya mwanawe. "Filsan, buliza," alisema, kisha akarudia kwa Kisomali, polepole, "Puliza, mama. Mara hii tu."

Filsan alimtazama mama yake. Alijua kitakachofuata, alikuwa anajua kuliko wote waliokuwa chumbani. Akashika kikombe kwa mikono miwili, ule mzima ukiusaidia ule mbovu, akavimbisha mashavu.

Kiganja cha Dakta Wahu kilishuka juu ya kikombe.

"Acha," alisema. "Usipulize. Mtoto, usipulize kabisa." Mvuke ulikuwa unamuunguza kiganja na hakukiondoa. "Mama, nimekuamini."

Hakuna aliyelitafsiri neno hilo. Rahmo alilielewa, akaziba uso kwa shali.

Ugonjwa huo Dakta Wahu alikuwa ameusoma kitabuni tu, ukurasa mmoja, zamani za masomo yake, ukurasa ambao wanafunzi waliuruka kwa kuwa nani angekutana na kitu kama hicho? Sasa alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana. Aliuliza mara ya kwanza ilikuwa lini. Upande gani kwanza. Anaumwa kichwa asubuhi? Akikimbia je? Akiimba? Rahmo alijibu yote, kwa maneno yake machache, na pale yalipoisha, kwa mikono. Foleni nje ilianza kunung'unika. Mutiso alikuwa ameacha kuandika.

"Mishipa inayopeleka damu kichwani kwake, nadhani imekuwa myembamba," daktari alisema. "Mtu akipuliza sana au akilia kwa kwikwi, mishipa ya ubongo hujibana. Mimi na wewe hatuhisi kitu. Yeye hana ya akiba. Kila mara mkono unapolegea, ubongo umekosa damu. Si kifafa. Ni kiharusi kidogo kidogo, na siku moja kitakuja kikubwa." Akamgeukia Mutiso. "Haya ya kupuliza mbona hayamo kwenye kadi?"

"Sikuambiwa, daktari." Mutiso aliigeuza kadi kana kwamba ingekuwa na kitu nyuma yake. "Nakumbuka nilimuuliza mama. Nilimuuliza."

Abdinur angeweza kuliacha swali lipite. Alikuwa bingwa wa kuacha vitu vipite.

"Aliuliza," alisema, kwa Kiswahili chake kizuri cha Mombasa, kila herufi mahali pake. "Na mama alisema. Alisema yote haya, siku ile ile. Ni mimi niliyeona haya kuyasema. Nilimwambia daktari mama anasema asante."

Kisha akamgeukia mkewe, akamtafsiria alichokisema. Chote.

Alio alishuka lorini Jumatano na chuma chake ndani ya gunia. Rahmo alimwandalia chai, naye akamkalisha Filsan mbele yake, akampapasa kichwa kwa vidole vilivyojua kazi, akasikiliza habari yote ya pumzi na kilio, bila kukatiza.

"Mimi namchoma mtu anayeweza kulia," alisema mwishowe. "Huyu akilia anaharibika? Basi si wangu. Mpelekeni."

"Umetoka Diff mpaka hapa kusema hivyo?" Ayeeyo Arbia alilalamika.

"Nimetoka Diff kunywa chai, dada. Iongeze sukari."

Ng'ombe wawili waliuzwa, na barua ya Dakta Wahu, ya kumpokelea Filsan hospitalini Nairobi, ikafungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Darajani, pale basi liliposimamishwa na Wasomali wote wakateremshwa kuonyesha vipande vyao vya utambulisho, askari alimfokea Abdinur mbele ya mwanawe, akamwita majina. Rahmo alikuwa amempigia Filsan magoti mchangani, amemshika mashavu. "Usilie. Wakimtukana aabo, wewe nitazame mimi. Pumua kama mtu aliyelala." Na Filsan, macho yamejaa, alipumua kama mtu aliyelala, mpaka basi likaruhusiwa kupita juu ya maji mekundu ya Tana.

Nairobi walipiga picha ya mishipa. Dakta Wahu aliishika mbele ya dirisha ili Rahmo aone. Mishipa miwili mikubwa ilikuwa imeziba karibu kabisa, na mahali pake ulikuwa umeota utando wa vimishipa vidogo vidogo, ukizunguka na kupanda. Rahmo hakuhitaji kuelezwa unafanana na nini. Alikuwa ameutazama maisha yake yote, ukipanda kutoka kwenye chetezo.

"Wajapani walioutambua kwanza waliuita moyamoya," daktari alisema. "Maana yake ni kama moshi unaofuka."

Habari hiyo ilipofika Galbet, Ayeeyo Arbia alipiga paja lake. "Moshi! Si niliwaambia? Mpaka Japani wanajua, nyinyi tu mnanibishia."

Daktari wa upasuaji alichukua mshipa kutoka kwenye ngozi ya kichwa akaulaza juu ya ubongo, ili upeleke damu kule isikofika. Alikuwa hajawahi kuifanya kazi hiyo, na aliwaambia hivyo. Walikubali. Mkono haukurudi wote. Vidole viwili vilibaki vizito mpaka leo, na kalamu Filsan aliihamishia kushoto, jambo lililompa Maalim Rage tabu ya moyo kwa mwezi mzima kabla hajazoea. Lakini mkono haukufa tena.

Wanawake waliozoea Alhamisi zile bado wanazisimulia, wengine wakiwa mbali sana na Galbet. Hawasimulii ugonjwa. Husimulia kwamba kwa Rahmo chai ililetwa imeshapoa, ikabidi uinywe hivyo na usiseme neno, na kwamba mtoto aliingia na chetezo kwa hatua za bibi harusi, upepeo umechomekwa kiunoni kama jambia. Husimulia harufu.

Abdinur naye alipata kazi isiyo na mshahara. Kila Jumanne, kabla ya soko lake la Jumatano, alikwenda kliniki ya mabati ya kijani, akakaa kwenye benchi kati ya Mutiso na mgonjwa, akatafsiri. Alitafsiri kila kitu. Mgonjwa akimtukana daktari, alitafsiri na tusi. Watu walimcheka, naye aliwaacha wacheke.

Jumanne moja aliingia mama mmoja kutoka Kutulo, mkavu, mrefu. Aliulizwa anaumwa wapi, akaanza kusema. Alianza na ngamia aliyepotea, akapita kisimani, akafika kwenye ndoa ya binti yake, mikono ikienda, sauti ikipanda na kushuka. Nje foleni ilikuwa ndefu na kalamu ya Mutiso ilikuwa inakauka. Mama akanyamaza, akawatazama wote wawili.

Mutiso akafuta jasho. "Mzee wetu, mama anasemaje? Nipe kwa kifupi."

Abdinur akasogeza benchi karibu na meza, akakunja mikono ya shati.

"Kifupi hakuna, daktari," alisema. "Kulikuwa na ngamia."